Bisi za Siagi

Kwetu kila mtu ana mafuta yake ya bisi, na hakuna anayekubali kwamba mwenzake naye ana akili. Mume wangu anataka mafuta ya nazi na sukari kidogo. Mimi nataka alizeti, kwa sababu alizeti haina harufu wala maringo, inayaacha mahindi yajisemee yenyewe. Juu yake natia chumvi iliyosagwa ikawa kama unga, maana chumvi ya chengachenga haishiki, yote inaishia chini ya bakuli. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa mtu wa siagi. Si siagi ya kumwagia juu mwishoni kama wafanyavyo wavivu. Siagi ndani ya sufuria tangu mwanzo, jambo ambalo mpishi yeyote atakuambia ni wazimu, kwa sababu siagi ina maziwa ndani yake, na maziwa yanaungua wakati mahindi bado yanajifikiria.

Lakini yeye aliiweza. Aliyeyusha siagi na tone la alizeti la kuipa nguvu, akatupa punje chache za kujaribia, zikipasuka tu anamimina zilizobaki na kufunika. Kisha alitikisa sufuria na kusikiliza. Kazi yote ya siagi iko masikioni. Mafuta mengine ukichelewa yanakusamehe, siagi haisamehe mtu. Milio ikianza kuachana unaepua palepale, hata kama kuna punje zimebaki, na ukijisemea ngoja kidogo umekwisha. Wifi alikuwa anaweza kubishana na mimi huku na kumkaripia binti yake kule, na bado mkono wake ukaepua kwa wakati wake.

Alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu usichana wake mpaka alipostaafu, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, na wenzake walimwita Nyuzi kwa sababu uzi ukikatika popote yeye ndiye aliyeuona kwanza. Mume wake alifariki binti yao akiwa bado shuleni. Huyo binti ndiye mtoto wake pekee, anafanya kazi maabara ya hospitali, ameolewa, na wakati ninaousimulia alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi michache. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Jumatatu anarudi kazini, na mtoto lazima aachwe na mtu mchana kutwa. Ama kwa bibi yake, yaani wifi yangu, ama kwa shangazi wa mumewe, anayekaa karibu zaidi na hospitali. Binti alikuwa amesema atatoa jibu Jumapili, akija kutembea.

Wifi alimtaka mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Alikuwa amenunua kitanda kidogo cha mbao, akakipiga msasa na rangi mwenyewe, akakiweka chumbani kwake ambapo sasa ilibidi apite ubavuubavu kufika kabatini. Hakusema sana. Alikuwa anauliza tu, kila tukionana, kama nimesikia lolote.

Jumapili hiyo nilifika mapema kumsaidia. Nilimkuta jikoni amenipa mgongo, sufuria ipo kwenye gesi. Jikoni kwake ni pembamba, ukitaka kufungua kabati lazima kwanza ufunge mlango. Harufu iliyonipokea haikuwa ya siagi. Ilikuwa samli, na ndani ya samli kulikuwa na bizari nyembamba. Nikamwuliza tangu lini yeye na samli ni marafiki. Hakujibu. Bisi zilikuwa zinapasuka kwa fujo, nikaona labda ni kelele.

Kisha milio ikapungua, ikaachana, ikakoma. Nikamwambia aepue. Hakuepua. Aliinamisha pua kwenye ukingo wa mfuniko, akavuta hewa, akangoja, akavuta tena, ndipo akazima gesi, akiwa amechelewa kabisa.

Mimi mtu akinipuuza damu inachemka. Nikasimama palepale mlangoni nikamwambia maneno ambayo hata mawifi wanaotaniana huwa wanayapunguza makali. Nilimwambia amezeeka, bisi zake siku hizi zinanuka kama duka la dawa, na kwamba ni mdogo wake mwenyewe, mume wangu, aliyenituma nimfikishie. Nikakaa tayari kurushiwa mwiko. Yeye alichukua bakuli, akamimina bisi, akafuta ukingo wa sufuria kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

Hasira ikaniisha, ikaingia hofu. Nilisogea nyuma yake nikapiga makofi karibu na kisogo chake. Hakutikisika. Aliposhtuka ni pale alipogeuka akaniona, akashika kifua, akacheka, akauliza nimeingia saa ngapi.

"Wifi," nikamwambia, "husikii."

Alikuwa ananitazama mdomo, si macho. Sote tulijua ana tabia hiyo, ya kumwangalia mtu mdomo anapoongea, na tulisema ni mazoea ya kiwandani. Kule kwenye ukumbi wa kufuma mashine zinapiga kelele kiasi kwamba hata ukipiga ukelele jirani yako hakusikii, kwa hiyo wafumaji wote hujifunza kusoma midomo. Wanapashana habari za ndoa na misiba kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine bila kutoa sauti. Kelele hizohizo ndizo zilizomla masikio kidogo kidogo, na ufundi huohuo wa midomo ndio uliomficha. Sisi tulikaa naye meza moja, tukacheka naye, tukagombana naye, na hakuna aliyejua.

Hakukana. Alifunga mlango wa jikoni, akaja akasimama mbele yangu ili anione vizuri, akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshakwenda kwa daktari peke yake. Daktari alimwambia mishipa imekufa, na kile kifaa cha kuvaa sikioni kingemletea mvumo tu. Akarudi nyumbani akanyamaza. Kwa watu alijiweza. Kilichomshinda ni bisi.

"Watu wana midomo," akasema. "Sufuria haina."

Aliunguza siagi mara nyingi hadi akaogopa kuinunua. Akajaribu alizeti yangu, nayo haikumsaidia, kwa sababu haimwambii mtu kitu mpaka moshi unatoka. Mwishowe akaangukia samli, ambayo maziwa yameshatolewa, inavumilia moto na kumpa nafasi. Na bizari ndiyo aliyoifanya kengele yake. Ikianza kunukia, mafuta yako tayari kwa mahindi. Ikinukia ya kukaangwa, bisi ziko katikati. Ikianza kuelekea uchungu, anazima. Alinieleza hayo kwa fahari, akanionyesha na kikopo, na kwa kweli nilimwonea fahari, halafu palepale nikamkasirikia.

"Na mtoto?" nikamwuliza. "Yeye naye utamtia bizari?"

Fahari yote ikamtoka usoni. Alisema amefikiria. Atambeba mgongoni mchana kutwa, akilia atamsikia kwa mgongo. Akilala atakaa pembeni ya kitanda amtazame. Nikamwuliza akienda chooni je. Akipika je. Mtoto akipaliwa na maziwa wakati ameinamia beseni je. Kila swali alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia, na sote wawili tuliliona hilo.

"Usimwambie," akasema. "Nikimkosa huyu, humu ndani nibaki na nini?"

Niliisikia hodi, na kwa kuwa yeye hakuisikia, nilimwonyesha mlango kwa kidevu. Akafuta mikono, akavaa uso wa bibi anayesubiri wageni, akaenda kufungua. Nilibaki nimeshika ukingo wa sinki.

Waliingia binti, mumewe, na mtoto amelala begani. Wifi alimpokea mtoto bila kumwamsha, akamnusa shingo, akaenda kumlaza kwenye kile kitanda cha rangi mpya. Chumba cha kulala kinapakana na jikoni. Alipotoka aliuacha mlango wazi, na nilijua amefanya hivyo ili aonekane mtu anayesikiliza.

Tukakaa sebuleni. Sijawahi kuchoka kwa kukaa kwenye kiti kama nilivyochoka saa ile. Binti anaongea wazi, huyo hana shida. Lakini mkwe ana masharubu mazito yaliyoufunika mdomo wa juu wote, na ana desturi ya kuongea akiwa anatazama sakafu. Aliuliza kama maji yanapatikana mtaani siku hizi. Wifi akatabasamu. Akauliza tena, na mimi nikadakia, "Maji, wifi, mkwe anauliza ya bomba yanakatikakatika?" Akajibu vizuri sana. Mkwe akauliza habari za mguu wake, nikarudia habari za mguu. Binti akanitania kwamba leo nimekuwa mtangazaji. Nilicheka, na kicheko kilitoka kibovu. Nilikuwa nimeshaingia upande wa wifi bila kukubali kuingia, na kila nilipomsaidia nilimwona akilini mtoto amepaliwa.

Bakuli la bisi likapita. Binti alichota, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mama, hizi za bizari ni za nani? Zetu za siagi ziko wapi?"

Wifi alisema siku hizi anabadilisha. Binti hakutaka kusikia. Alisema tangu apate mimba alikuwa akiziota bisi za siagi za mama yake, na kwamba amekuja na siagi mwenyewe, hii hapa. Akatoa pakiti mkobani akaiweka mezani mbele ya mama yake. Alikuwa anacheka. Macho ya wifi yalinijia mara moja tu, kisha akachukua ile pakiti.

Nikamfuata jikoni. Nilimnong'oneza, au tuseme nilichezesha midomo bila sauti, na yeye alinisoma neno kwa neno kama tuko kiwandani: nitasimama upande wa pili wa jiko, tutazamane, milio ikiachana nitainua mkono. Akaitikia kwa kichwa. Alikata siagi, akatia tone la alizeti, akatupa punje za kujaribia. Alikuwa na kijasho juu ya mdomo. Punje ya kwanza ikapasuka, nikainua kidole. Akamimina mahindi, akafunika, akaanza kutikisa, macho amenikazia mimi.

Mtoto akalia.

Alilia ghafla, kwa nguvu, ng'ambo tu ya ukuta. Wifi hakupepesa. Alikuwa ananitazama mkono, anangoja. Mimi sikujua nifanye nini. Nikienda kwa mtoto, siagi itaungua na binti atauliza kulikoni. Nikibaki, mtoto analia na bibi yake hageuki. Niliomba kimoyomoyo anyamaze, na nikajichukia kwa kuomba hivyo. Nilisikia hatua za binti zikivuka sebule, zikaingia chumbani, kilio kikalegea kikawa kwikwi.

Halafu binti akatokea mlangoni mwa jikoni, nyuma ya mama yake, mtoto amemlalia begani. Mimi nilikuwa nawatazama wote wawili: mama ananikabili mimi, binti anaukabili mgongo wa mama. Hakuwa na kinyongo chochote usoni kwamba hakuna aliyemwendea mtoto. Alisimama akiangalia ule mgongo na kiwiko kinavyotikisa sufuria, na nikaona amelainika.

"Mama," akasema. "Nimeamua. Kesho namleta kwako."

Wifi akatikisa sufuria.

Bisi zilikuwa zinapasuka kwa wingi. Binti akatabasamu, akapandisha sauti. "Mama, nimesema mtoto atakaa na wewe. Shangazi nimeshamwambia asijisumbue."

Lile neno alilolisubiri miezi yote hiyo lilikuwa limesemwa mara mbili, hatua moja nyuma yake, na yeye alikuwa ananiangalia mimi na mkono wangu. Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka kusema geuka, wifi, geuka haraka, umepewa. Lakini uso wangu sijui ulifanya nini, nikasahau mkono, nikasahau sufuria, na milio ikaachana, ikawa mmoja mmoja, ikakoma. Jikoni pakawa kimya kabisa. Wifi aliendelea kutikisa.

"Mama?" binti akasema ndani ya ule ukimya, kwa sauti ya kawaida tu.

Siagi ilianza kunuka. Moshi mwembamba ukatoka pembeni ya mfuniko. Mtu yeyote aliyelelewa na mwanamke yule alijua kwamba hawezi kamwe kuitikisa sufuria iliyonyamaza. Binti aliitazama sufuria, akautazama mgongo, halafu akanitazama mimi. Sikuweza kumdanganya. Nilitazama chini.

Akapita, akanyoosha mkono, akazima gesi. Wifi akaruka kwa mshtuko. Akaona uso wa binti yake, akaona mtoto ambaye kope zake zilikuwa bado zimelowa machozi, akaelewa kwamba mtoto amelia.

"Alikuwa analia?" akauliza.

Binti akazunguka akasimama mbele yake, palepale nilipokuwa nimesimama mimi, nikampisha. Alimwuliza tangu lini. Alimwuliza taratibu, akiumba kila neno, na nilipoona jinsi alivyojua mara moja namna ya kuumba maneno nikakumbuka naye alilelewa na mfumaji. Wifi akasema uziwi umekuja kidogo kidogo, na masikio yalikufa kabisa kabla mtoto hajazaliwa. Binti akauliza kama anti alijua, na anti ndiye mimi. Wifi alisema anti amejua leo, asinigombeze. Hata hapo alikuwa ananikinga.

Sufuria ilikuwa bado inafuka moshi na hakuna aliyeifunua. Mkwe aliuliza kutoka sebuleni kama kuna kitu kinaungua.

"Ungeniambia," binti akasema. Alikuwa analia sasa, lakini mdomo wake aliushikilia usitetemeke ili mama yake aweze kuusoma. "Ungeniambia, Mama, tungetafuta njia. Sasa nikiwa kazini nitakuwa nawaza unanificha nini kingine."

Wifi alisema atambeba mgongoni. Alisema mara mbili. Binti akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Sitamwacha kwako."

Hilo alilipata lote. Lilisemwa mbele ya uso wake, polepole, mchana kweupe, na niliona linavyomwingia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Binti alikuwa na haki, na wifi yangu alikuwa anakatika vipande mbele yangu. Nikafungua dirisha moshi utoke.

Wifi hakubisha tena. Alivuta stuli akakaa. Akanyoosha mikono, binti akampa mtoto. Alimpakata akamtazama. Kisha akamwinulia binti yake uso.

"Analiaje?" akauliza. "Sijawahi kumsikia."

Mtu akikuuliza sauti ya mwanao ikoje utamwambia nini? Binti alichuchumaa mbele ya mama yake mpaka nyuso zao zikalingana.

"Nzito," akasema. "Nzito kuliko yeye mwenyewe. Ni ya marehemu baba, Mama. Ni ya baba kabisa. Ina ule mkwaruzo."

"Mkwaruzo uko mwanzoni, au mwishoni?"

Binti akafikiri. Nilimwona akisikiliza kichwani, akirudi nyuma miaka yote ile mpaka utotoni, kisha akirudi kwenye kilio cha dakika chache zilizopita.

"Mwanzoni," akasema. "Kabla haijapanda."

Wifi yangu akafumba macho. Alikaa hivyo, mtoto mapajani, kichwa ameinamisha upande kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo naijua."